Ufito Ndani ya Madebe ya Asali

Kampuni yetu ya asali ilikuwa kijijini Zombe, na miaka ya sabini ikielekea kuisha nilikuwa mwanamke pekee katika kamati ya ukaguzi. Kazi yenyewe ilikuwa mchezo. Kabla ya mkutano wa mwaka tuliingia stoo, tukafungua madebe mawili matatu, tukaonja ya juu kwa kidole, tukaomba, tukanywa chai, tukatia sahihi. Kuchovya zaidi ya hapo kulikuwa sawa na kumwita mtunza stoo mwizi, naye alikuwa mzee wa kanisa.

Mwaka huo wilaya ikatuletea kanuni mpya: kamati ipime mpaka chini, na mjumbe asiuze hisa, asinunue, wala asifungue mdomo mpaka ripoti isomwe mbele ya wote. Wenzangu walicheka. Mimi nina kichwa kigumu, hata marehemu mume wangu alikuwa akilalamika. Nilichukua ufito nikauzamisha katika kila debe. Kwenye safu ya nyuma ukagota katikati. Chini ya asali kulikuwa na sukari guru iliyoganda.

Nilikataa kutia sahihi, mkutano ukaahirishwa. Sababu haikutangazwa, lakini kila mtu alijua ni mimi. Hisa ya shilingi ishirini ikaanza kuuzwa kwa tano. Kanisani benchi likawa langu peke yangu. Nilifikia kuongea na kuku, na sioni haya kusema.

Aliyebaki upande wangu ni wifi yangu, jirani yangu wa ua mmoja. Hisa zake zilikuwa karo ya bintiye. Alikuja jikoni kwangu akaniuliza kama auze. Nilijua madebe mabovu ni ya safu ile moja tu, na kwamba yakitolewa mnunuzi wetu wa Nairobi hatatuacha. Nilimwambia siruhusiwi kusema. Akanitazama kidogo, kisha akaongea habari za mvua. Kesho yake aliuza zote.

Ripoti ilisomwa baada ya miezi mitatu. Mtunza stoo aliondolewa, mnunuzi akaongeza bei kwa sababu sasa alituamini, na hisa ikapanda hadi arobaini. Watu waliokuwa wakinikwepa njiani wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili.

Nilipopata gawio langu nililipeleka lote kwa wifi. Nilimkuta uani akichambua mbaazi. Hakunyoosha mkono.

“Mimi sikuuliza mambo ya kampuni,” alisema. “Nilikuuliza wewe. Si ungenikonyeza tu, wifi? Ningeelewa.”

Aliendelea na mbaazi zake. Bintiye alikuwa ameketi kando yake, naye akichambua, na shule zilikuwa zimefunguliwa wiki mbili kabla ya hapo.