Siku Niliyomsemea Bibi Mahakamani

Mahakama zinazochelewa kuanza hunitia hasira, na ile ya Newala siku hiyo ilichelewa kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka Masasi alfajiri kuiripotia redio yetu kesi ya kijana aliyeshtakiwa kumkata panga mlinzi wa ghala la korosho. Nikakaa benchi la nyuma, mahali pangu, nikinung'unika.

Shahidi alikuwa bibi yake huyo kijana, aliyemlea tangu mchanga. Alijua Chimakonde tu, na mkalimani alikuwa mgonjwa. Ndugu zao waliojaa ukumbini hawakufaa kutafsiri. Karani, ambaye tunafahamiana na anajua mimi ni Mmakonde, akaninyooshea kidole. Nilimlaani kimoyomoyo. Nikaapishwa kutafsiri kila litakalosemwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Mwendesha mashtaka akauliza: alimwona nani akitoka ghalani na panga? Nikamfikishia bibi swali. Hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi, akanisemesha taratibu kama tuko jikoni kwake.

"Mjukuu wangu, wewe ni mwenzetu. Nikisema nilimwona, watamfunga? Niambie niseme nini."

Kizimbani, kijana aliinamisha kichwa.

"Shahidi amesema nini?" hakimu akauliza.

Ningeweza kudai hajasikia swali. Wote waliomwelewa walikuwa ndugu zake, na hakuna hata mmoja ambaye angenisema. Walinikodolea macho. Mlinzi, mgeni kutoka bara, hakuelewa kitu. Alikaa mbele akiushikilia mkono wake usiokunjika tena. Niliogopa, nasema kweli. Kisha nikatafsiri yote, neno kwa neno, mpaka lile la mwenzetu.

Nyuma yangu mtu akafyonza.

"Mwambie aseme alichokiona, basi," hakimu akasema, bila ukali.

Nikamwambia. Bibi akafuta uso kwa upindo wa kanga, akajibu. Mkalimani husema kana kwamba ndiye shahidi mwenyewe, kwa hiyo ni mimi niliyetamka mbele ya mahakama: "Nilimwona mjukuu wangu."

Kesi ilipoahirishwa nilimkuta barazani, amekaa peke yake. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe si ndiye yule wa redioni?"

"Ndimi."

"Na jioni utalisema tena?"

Nilitamani kumdanganya.

"Nitalisema, bibi. Ndiyo kazi yangu."

Akatikisa kichwa polepole, akajifunga kanga vizuri, akainuka.

"Basi leo mimi siwashi redio."