Mlingoti Alioushika Dada Yangu

Dada yangu Tjitske ana vidole vitatu tu mkono wa kushoto, na kidevuni ana kovu ambalo wageni hudhani ni la kuanguka utotoni. Hakuanguka popote. Vidole vilikwenda na kamba siku mumewe alipomfokea "Achia!" naye akashtuka akaachia kabla hajatoa mkono kwenye kitanzi. Kovu ni la waya wa mlingoti, chini ya daraja moja karibu na Sneek.

Sisi Wafrisia wa kaskazini mwa Uholanzi tukifika darajani hatusimami. Tunaulaza mlingoti mashua ikiwa mwendoni, tunateleza chini ya daraja, tunausimamisha tena upande wa pili, na anayewasha injini huchekwa hadi siku ya mazishi yake. Wytze, shemeji yangu, alitaka kupita kwa mbwembwe kwa sababu baa ya darajani ilikuwa imejaa watu. Tjitske ndiye aliyekuwa mlingotini, maana huku kwetu mwanamume hushika usukani na mkewe hufanya kazi. Alichelewa kidogo kufungua kamba. Mlingoti ukagonga daraja, ukakatika, waya ukaruka na kumchana kidevu mpaka mfupa ukaonekana. Wytze akiwa bado ameketi na usukani wake mkononi alisema nini? "Ona ulivyonifedhehesha!"

Na huyu mtu nchi kavu ni mpole, sitamsingizia. Anamenya viazi, anawalisha paka wa jirani, anasinzia kanisani. Jikoni hajawahi kumnyanyulia dada yangu mkono. Lakini mpandishe mashuani uone. Macho yanamtoka, shingo inavimba, na chochote kilicho karibu kinarushwa: mpini wa winchi ya kukazia kamba, birika, na siku moja mbwa. Mbwa aliogelea hadi kando, akaenda zake na hakurudi tena. Mimi nilimwelewa.

Baada ya daraja lile Tjitske alikata kauli kwamba hapandi tena, na mashua ikauzwa. Watu walimpongeza Wytze kwa kumhurumia mkewe, kana kwamba yeye ndiye aliyeshonwa kidevu. Hakuna aliyejiuliza dada yangu alipoteza nini. Tjitske alizaliwa ndani ya jahazi la mizigo la wazazi wetu, juu ya shehena ya viazi, na alijifunza kutembea akiwa amefungwa kamba kiunoni asitumbukie. Mimi nilitoroka maji mapema nikaendesha basi hadi nilipostaafu. Yeye hakuyatoroka. Majira yote ya joto baada ya kuuzwa mashua aliketi sebuleni akishona mapazia ya watu, na kiti chake alikigeuza ukutani ili asione matanga yakipita mferejini. Nilipoona kiti kile nililia kwa hasira.

Basi Februari moja, njiani kwenda kwenye maonyesho ya mashua ya Leeuwarden, mimi nikiwa kiti cha nyuma, alimwambia Wytze mbele yangu.

"Leo nachagua mimi. Mashua ndogo, ya kuvutwa na gari hili hili. Usukani nitashika mimi, na wewe utakaa mlingotini."

"Sawa, mke wangu."

"Na ukinifokea hata mara moja, hutapanda na mimi tena. Nitasafiri peke yangu."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeelewa?"

"Vyote viwili." Akanitazama kwenye kioo. "Shemeji, wewe shahidi."

"Mimi si shahidi," nikamwambia. "Mimi ni askari."

Alicheka. Namjua, alikuwa na hofu. Tangu mashua iuzwe alikuwa amenyauka, suruali zinamvuka, na dada yangu kukubali tena ilikuwa kama kumrudishia pumzi. Alilitaka jambo hili kwa moyo wake wote.

Ukumbi ulinuka gundi, samaki wa kukaanga na makoti yaliyolowa. Mashua zilikuwa juu ya trela zao, matumbo wazi, na watu wazima walipanga foleni ili wapande ngazi na kukaa ndani wakishika usukani wa mashua isiyokwenda popote. Ya kwanza tuliyoitazama ilikuwa ya buluu, ya mbao nyembamba, yenye mikuku miwili midogo inayoiwezesha kusimama wima maji yakipwa. Tjitske aliisifu, kisha akachungulia uzito wake akatikisa kichwa. Gari letu lingeivuta hadi mlima wa kwanza.

"Mlima gani huku kwetu?" Wytze akauliza.

"Njia ya kupandia darajani," nikamjibu, na hata yeye alicheka.

Ya pili ilikuwa fupi na nene, wazi juu, na mlingoti wake ulikuwa kama wa zamani: chini una pande la madini ya risasi linalosawazisha uzito, kiasi kwamba ukiusukuma kwa viganja unainuka, na ukiuachia katikati unabaki ukiyumba hapo hapo. Tjitske aliulaza na kuusimamisha kwa ule mkono mbovu. Kisha akaketi nyuma, akashika usukani, akafumba macho. Wytze aliizunguka akiigonga ubavuni.

"Hili beseni la kufulia," akasema, ila kwa sauti ya chini.

"Beseni langu," dada yangu akajibu bila kufumbua macho.

Tungeondoka wakati ule, leo ningekuwa nawasimulia habari njema kama za harusi. Lakini Wytze aliomba tutazame moja tu zaidi, ile nyeupe ya plastiki, ndefu, yenye kibanda cha kulala na jiko la kukunjwa. Muuzaji wake alikuwa kijana wa Amsterdam aitwaye Rutger, viatu vyeupe, meno meupe zaidi, na alikuwa akiita watu wafanye jaribio mbele ya umati.

"Karibuni baba, karibu mama! Mlingoti huu hata bibi yangu anausimamisha!"

"Basi mlete bibi yako," Wytze akasema. "Sisi migongo inatuuma."

Watu wakacheka, naye akapenda kuchekewa. Akavua koti. Mlingoti ulikuwa umelala kuelekea nyuma, ncha yake imepita tezi, nyuma kabisa ya mashua, na kuning'inia hewani. Tjitske alipanda ndani ili ausukume juu kwa mabega, na Wytze akasimama sakafuni mbele ya omo akiwa na kamba ya kuvutia. Ukaanza kupanda. Mlingoti ulikuwa mzito, nikaona miguu ya dada yangu ikitetemeka. Rutger akaruka kwenye ngazi ya nyuma, akamshika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Twende mama, sukuma, nakushikilia hapa hapa, usiogope!"

"Ondoa mikono," Tjitske akasema.

"Mama ana aibu!" Rutger akautangazia umati, na wajinga fulani wakapiga makofi.

Wytze akaiachia kamba. Hakufikiri. Maisha yake yote alikuwa amezoea milingoti yenye risasi chini, ambayo ukiiacha katikati inakungoja. Huu haukuwa na risasi. Akaenda nyuma mbio, akamvuta Rutger kutoka ngazini kwa ukosi wa shati, akampiga ngumi moja ya pua. Nilisikia mfupa. Akamwegemeza kichali kwenye ubao wa tezi, akampiga ya pili mdomoni, meno meupe yakawa mekundu, damu ikarukia vipeperushi. Mwenzake Rutger, mzee mmoja, alikuja na kiti, Wytze akamsukuma kwa goti tumboni, mzee wa watu akaangukia meza ya supu ya njegere, na supu ya moto ikamwagikia mapaja ya mwanamke aliyekuwa akila zake kwa amani. Watu wakapiga mayowe. Wengine walikuwa wakishangilia, na naona haya kuwa mtu wa kwetu nikikumbuka hivyo.

Wakati wote huo mlingoti ulikuwa ukirudi chini, na dada yangu peke yake alikuwa ameudaka. Aliushikilia kwa bega na viganja, magoti yamejikunja, uso umekuwa wa zambarau. Nilimkimbilia, lakini umati ulikuwa umeziba njia, nikapiga watu viwiko kushoto na kulia. Chini ya ncha ile ile walisimama Wytze na Rutger.

"We kijana," Tjitske akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Toka hapo."

Rutger akateleza chini ya kwapa la Wytze, akatambaa kama mtoto, akatoka.

"Na wewe Wytze, toka."

Wytze akainua uso. Akauona mlingoti juu yake, akamwona mkewe akitetemeka nao. Hatua moja tu pembeni na yangekwisha. Hakusogea. Katika maisha yao yote juu ya mashua hakuwahi kupokea amri kutoka kwake, na miguu yake haikujua namna ya kuipokea. Shingo ikavimba.

"Usiniambie toka!" akanguruma. "Inua! Inua, we mwanamke mpumbavu, inua nimesema!"

Tjitske alinitazama mimi. Kisha akatoa bega.

Baadaye watu walisema mikono ilimchoka, na polisi waliandika hivyo, na mimi niliulizwa nikasema hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimefika ubavuni mwa mashua, na niliyaona macho yake. Mlingoti ulimshukia Wytze kati ya shingo na bega. Ulimpasua sikio, ukamvunja mfupa wa bega, ukambwaga juu ya tairi la trela, na alipoanguka alivunja na mbavu. Sauti aliyotoa ilikuwa ndogo sana. Moyo wangu uliruka kwa furaha, na kama hilo ni dhambi nitakwenda kulijibia.

Tjitske alishuka ngazi akajifuta viganja kwenye sketi. Akachuchumaa kando yake, akavua skafu, akaikandamiza sikioni pake damu isimwagike.

"Tjitske," akasema Wytze, kwa sauti ile ya jikoni. "Tjitske wangu. Nimefanya nini?"

"Umenifokea," akamwambia.

Alimshika mkono hadi wahudumu walipomweka kwenye machela. Hakwenda nao. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mashua fupi na nene, akamwambia mwenye nayo, "Nifungie hii nyuma ya gari," na wakati jina la mnunuzi lilipoulizwa alitaja lake la kuzaliwa, si la mumewe.

Alimuuguza Wytze nyumbani, sikatai. Alimlisha kwa kijiko, alimwogesha, alimsikia akiomba msamaha kila asubuhi kwa machozi ya kweli. Rutger alipata meno mapya na hakimu akampa Wytze adhabu yake. Nami nilianza kuogopa kwamba dada yangu atalegea, kwa sababu anampenda, mwacheni ampende.

Mwezi Mei tuliiteremsha mashua majini, yeye na mimi. Wytze alikuja gatini akiwa na mkono kwenye bandeji, kanyoa ndevu, kavaa sweta lake la safari. Alikuwa amebeba kikapu cha mkate na jibini. Alisimama kwa adabu, hakugusa hata kamba.

"Naomba kupanda," akasema. "Nitakaa mbele. Sitafungua mdomo."

Tjitske alimtazama. Nilijua kuwa anamwamini, kwa sababu hata mimi nilimwamini.

"Hapana, Wytze," akasema. "Weka kikapu kwa Hiske."

Nilikipokea kikapu. Wytze akatusukuma kwa mguu wake, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, na upepo ukaingia tangani. Dada yangu alishika usukani akalia mpaka pua ikawa nyekundu. Akaniomba mkate, akaula, akaendelea kulia, na hakugeuza kichwa hata mara moja kutazama gatini.