Mbavu za Twiga

Juzi, nje ya ofisi moja Upper Hill, nilimwona mbwa mdogo wa mbio, mwembamba, mbavu zake zikihesabika. Nikamkumbuka Twiga.

Mama aliachiwa Twiga, mbwa wa aina hiyo hiyo, na mwajiri wake aliyehama nchi. Tulimlea nyumbani Riruta, na mama hakumruhusu kuruka kutoka kitandani asije akavunjika mguu.

Alasiri ile tuliporudi kutoka kumzika mama, nyumba ilijaa wageni na harufu ya chai ya maziwa. Sikulia. Nilihisi ganzi tu. Nilikaa jikoni na Twiga, ambaye alikuwa akitetemeka. Mwanamke mmoja wa kanisani alipomwona akashtuka.

"Ngai! Huyu naye amekonda hivi? Hatamaliza wiki."

Nilimwamini, kwa sababu mama pia alianza kwa kukonda. Nikavuta sufuria ya wali na nyama, nikamlisha Twiga kwa mkono mpaka akatapika. Nikaanza kumlisha tena.

Baba akatukuta. "Unafanya nini, Shiru?"

"Amekonda, baba."

"Ameumbwa hivyo. Anasikia baridi tu, si mgonjwa."

"Na mama aliumbwa hivyo?"

Baba alivua koti lake jeusi, akamfunika Twiga, kisha akapangusa sakafu.

"Mama yako alikuwa akimpa chakula kiasi gani?" akauliza baadaye.

Nikakunja kiganja kumwonyesha. Akakunja chake, kikawa kikubwa mno. Akaendelea kukikunja polepole, macho yake kwenye mkono wangu, mpaka vikalingana.