Baba Hana Njaa

Kati ya darasa langu na la Mwalimu Kwa Nini kuna ukuta wa mbao nyembamba tu, na muhula huu ukuta huo nusura unitie wazimu. Mimi nafundisha hesabu, nataka kimya. Yeye anafundisha kusoma na ufahamu darasa la nne, na upande wake ni kelele mtindo mmoja.

Jina hilo alibandikwa na wanafunzi. Mtoto akijibu, hata akipatia, yeye huuliza, "Kwa nini?" Nikiacha chai nusu kikombe huniuliza hivyo hivyo. Anachosha huyu mama.

Yote yalianza na hadithi moja fupi ya kitabuni. Baba anarudi kutoka kazini mapema, anakaa bila kuvua viatu, anatazama sufuria, anasema hana njaa. Swali: kwa nini baba hakula? Watoto arobaini na wanane waliandika, "Kwa sababu hana njaa." Kitabu cha mwalimu nacho kilisema hivyo. Yeye akaweka alama za vema arobaini na nane, kisha akaja kunitupia daftari moja mezani.

"Hawa wanachomoa sentensi tu, mdogo wangu. Hawasomi."

"Si wamepata, Dada? Unataka nini tena?"

Kesho yake aligeuza madawati watoto wakatazamana, akarudia hadithi ile ile. Wakabishana. Baba anaumwa. Baba kala njiani. Baba kamnunia mama. Kila mmoja ilibidi aonyeshe mstari unaomuunga mkono. Nilikuwa nimeshainua mkono kugonga ukuta niliposikia sauti ya mtoto wa fundi viatu, msichana ambaye tangu aanze shule sikuwahi kumsikia akisema neno.

"Alitazama sufuria kwanza. Chakula kilikuwa kidogo. Baba yangu naye husema hana njaa, halafu anakunywa maji vikombe viwili."

Nikashusha mkono.

Tatizo ni kwamba majadiliano hayaachi wino, na mwalimu mkuu wetu huhesabu vema nyekundu. Tangu siku ile madaftari ya darasa la nne yalikuwa meupe. Akamwita Dada ofisini, mlango wazi, sote tukasikia.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akikuta madaftari haya, darasa utaliacha, utakwenda kutunza stoo ya vitabu."

Dada alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Stoo haina dirisha wala mtoto hata mmoja. Alipotoka mle ofisini, mimi na kiherehere changu nikamfuata.

"Dada, wapangie. Kila mtoto mpe sentensi yake ya kusema. Jibu la yule msichana liandike ubaoni wanakili wote. Siku moja tu, mkaguzi aende zake."

Alinitazama kwa jicho baya. Lakini Jumatano nzima niliwasikia wakikariri.

Alhamisi nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Mkaguzi alikaa nyuma na kalamu yake. Mtoto wa dawati la mbele akasimama, akasema kwa sauti kubwa, "Mimi sikubaliani na mwenzangu!" Mwenzake alikuwa hajasema kitu, bado anatafuta ukurasa. Nikauma ulimi nisicheke. Mkaguzi alikuwa anaandika, hata hakugundua.

"Haya, kwa nini baba hakula?" Dada akauliza.

"Ili chakula kiwatoshe watoto!" darasa zima likaitika.

Mkaguzi akafungua madaftari. Sentensi ile ile, arobaini na nane, vema nyekundu arobaini na nane. Akasimama, akampa Dada mkono.

"Hongera, Mwalimu. Darasa hili linaelewa linachosoma."

Hasira zilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani zaidi, Dada au nafsi yangu. Ila darasa alibaki nalo. Kengele ya kutoka ilipolia nikaenda kumpongeza, nikaishia mlangoni. Watoto walikuwa wameondoka, kasoro mtoto wa fundi viatu, aliyesimama mbele ya meza na daftari lake kifuani.

"Mwalimu," alisema, "kwa nini wote wameandika ya baba yangu?"

Dada aliinuka. Akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa. Mtoto alisubiri jibu kama alivyofundishwa kusubiri, kisha akabeba mkoba wake, akaenda.

Tangu siku hiyo upande wa pili wa ukuta ni kimya. Nafundisha hesabu zangu vizuri tu, na kimya chenyewe sikitaki tena.