Mkwe Kwenye Simu

Chuo kiliponiambia nitafanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ya simu, tena kubwa, yenye makao makuu Dar es Salaam na wenye mali walio nje ya nchi, niliota lifti na kiyoyozi. Nikapangiwa Kyela. Yaani nyumbani. Nilikuwa nimesoma kwa bidii zote ili niyakimbie matope ya Kyela, na sasa kampuni ilinirudisha kwenye matope yaleyale, safari hii nikiwa nimevaa fulana yenye nembo yake kifuani.

Ofisi ilikuwa kontena chini ya mnara, si mbali na soko. Jua likiwaka mle ndani unapikika, mvua ikinyesha humsikii mwenzako. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia kwa fujo: mitumba, soda za kopo, redio za watu binafsi, na watu wazima walitamka "soko huria" kama wanavyotaja jina la mgeni ambaye bado hajaonyesha tabia. Wachache walikuwa na simu za mkononi. Wengine wote walikuja kupiga kwetu, kwenye simu ya mezani iliyowekwa kaunta, na kazi yangu ilikuwa kuwapigia.

Wengi walitaka Matema. Kule milima imekaa mgongoni mwa kijiji na mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kampuni ilikuwa imeweka simu moja yenye antena ndefu dukani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka pwani. Unampigia, unamtajia unayemtaka, anatuma mtu kumwita, halafu unapiga tena. Mambo yalikwenda hivyo na hakuna aliyelalamika.

Msimamizi wangu alikuwa kijana wa Dar. Hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu angekuwa mbaya. Alivaa tai kwenye joto lile, alinunulia watu chai, na alikuwa na somo moja alilolirudia kama sala: siri ya mteja. Mfanyakazi haongei kwenye simu ya mteja. Ukishapata mtu upande wa pili, mpe mteja mkono wa simu, rudi nyuma, jifanye kiziwi.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Akaingia mwanamke wa rika langu, khanga imemgandia mwilini, mikono mitupu.

"Ugonile, dada," alinisalimu. "Nipigie Matema."

"Aitwe nani?"

Akaangalia sakafu. "Yule mwenye nyumba ya bati jipya, karibu na kanisa. Baba wa mume wangu."

Sikumuuliza jina. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hamtazami, hazungumzi naye, wala hakai mahali ambapo sauti ya mzee huyo inamfikia. Si uadui, ni heshima, na wanaoshangaa na washangae. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama yangu, mzigo wa kuni kichwani, akishuka kwenye mfereji wa mpunga hadi maji yakamfika kiunoni kwa sababu babu alikuwa anakuja kwenye njia ileile. Babu alipita akitazama upande wa pili. Mama akapanda, tukaendelea na safari, na hakuna aliyesema lolote.

Mwenye duka alielewa mara moja. "Namtuma mtu," alisema. "Piga tena baadaye kidogo."

Tulipokuwa tunasubiri mwanamke alinieleza. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikuwa amelazwa hapo mjini. Malaria ilikuwa imempanda kichwani na damu ilikuwa imekwisha mwilini. Daktari alitaka apelekwe hospitali ya rufaa Mbeya, na gari la wagonjwa lilikuwa linaondoka mchana huo. Mume alikuwa Chunya kwenye dhahabu, haijulikani shimo gani. Mtoto ni wa ukoo wa mumewe. Bila neno la nyumbani, yeye aliyeolewa tu hakuweza kumpandisha milima.

"Akinifia kule juu," alisema, "nitarudi naye kwao niseme nini? Kwamba nilimwiba?"

Nilipopiga tena, mzee alikuwa amefika. Mwanamke alichuchumaa nyuma ya maboksi, uso ukutani, khanga imefunika kichwa, vidole masikioni. Nikashika mkono wa simu mwenyewe. Sikufikiria hata kidogo kwamba navunja sheria; ndivyo ambavyo ningefanya hata njiani, mzee akiwa upande mmoja na mkaza mwanawe upande mwingine.

"Halo! Halo!" Mzee alipaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Tata, ugonile. Naongea kutoka Kyela kwa niaba ya mke wa mwanao. Daktari anataka mtoto apelekwe Mbeya leo. Mama yake anaomba neno lako."

Wazee wetu hawajibu jambo zito kwa haraka. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake mvua ikipiga bati la duka.

Hapo ndipo msimamizi alipoingia, akakunja mwavuli, akaniona nazungumza kwenye simu huku mteja amejikunyata chini. Alifikiri nini sijui. Labda alifikiri namnyanyasa. Alinipokonya mkono wa simu, tena kwa upole, akainama.

"Mama, usiogope. Haiumi. Ongea mwenyewe na mzee wako."

Akamtoa kidole sikioni na kuuweka mkono wa simu hapo.

Sijawahi kusikia mtu akipiga ukelele namna ile. Aliurusha ule mkono wa simu, akaruka maboksi, akatoka mbio mvuani. Mkono wa simu ulibaki ukining'inia kwenye waya, unazunguka, na sauti ya mzee ilikuwa inatoka ndogondogo, maneno hayasikiki. Nikaukimbilia. Msimamizi alikuwa ameshauwahi kabla yangu, akaurudisha mahali pake, laini ikakatika.

"Wenzetu wa vijijini simu bado inawatisha," alisema.

"Haogopi simu! Yule ni baba mkwe wake!"

"Sasa si ndugu yake? Tena ndiyo vizuri."

Nilipiga Matema. Haikupatikana. Nikapiga tena, na tena, hadi vidole vikaniuma. Mawingu yalikuwa yameilalia milima, na baadaye nikaja kujua kwamba betri ya simu ya dukani nayo ilikuwa imeisha. Nilivua fulana ya kampuni nikaiacha juu ya kaunta, nikabaki na blauzi niliyoivaa ndani, nikaenda hospitali kwa miguu. Gari lilikuwa limeshaondoka na wagonjwa wengine. Muuguzi aliniambia walimbembeleza yule mama apande, akakataa.

Alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani. "Alisema nini?"

"Simu ilikatika."

Aliitikia kwa kichwa tu, kama nimemwambia mchele umeisha dukani. Mtoto alikata roho asubuhi, kabla hatujafungua ofisi.

Kampuni iliniajiri baadaye. Msimamizi alinisifia mno, na nikaitumikia miaka mingi. Watu wakisikia habari hii hutaka niseme niliacha kazi kwa uchungu. Sikuacha. Kazi zilikuwa haba na nilikuwa na wadogo zangu. Lakini uchungu ulikuwepo, na hasira ilikuwepo, na mpaka leo mtu akiniambia simu imewaleta watu karibu huwa natoka nje.

Siku ile ya msiba mzee alikuja mwenyewe na pikapu kuchukua maiti. Kabla ya kuanza safari ya kurudi Matema alisimamisha gari barabarani, mbele ya kontena, akaingia akiwa na koti lililolowa na kofia mkononi. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Ni wewe uliyeongea nami?"

"Ni mimi, tata."

"Nilisema mpelekeni. Nikasema tena. Nikasema nitakuja huko huko Mbeya. Nilisema mpaka mwenye duka akaniambia, mzee, hakuna mtu." Aliigeuza kofia mikononi. "Yeye anajua kwamba nilikubali?"

"Hajui."

Akatazama nje. Pikapu ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na nyuma, kati ya wanawake waliokuwa wanaimba taratibu, mkaza mwanawe alikuwa amekaa karibu na jeneza dogo, ametugeuzia mgongo, khanga imefunika kichwa.

"Nenda ukamwambie," mzee alisema.

Nilitamani akatae mila siku hiyo moja tu, atoke aende mwenyewe. Hakwenda. Nikatoka, nikapanda tairi la nyuma, nikainama sikioni mwake, nikamwambia kwamba baba mkwe alikuwa amekubali, kwamba alisema mpelekeni.

Mkono wake ulikuwa juu ya jeneza.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Nikashuka, nikarudi ndani, nikamwambia.