Waliniambia mwanangu amebemendwa, nikaamini kwa sababu nilikuwa na hatia

Wakuu, salaam kwenu, hasa nyie wenye watoto ambao bado wananyonya.

Anayetafuta chai, stori ya kutunga, hapa hatapata majani wala sukari. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa heshima ya wakwe zangu.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Nafanya kazi huku Turiani, kwenye mashamba ya miwa, fundi wa pampu za kumwagilia. Shemeji yenu ni Mluguru wa huko juu Kinole. Tuna mtoto mmoja, Zulfa, na wakati huo alikuwa na miezi minane. Mnene, vijino viwili vya chini, akikuona unaingia anacheka mpaka miguu inacheza.

Kwa msiowajua Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama. Wewe baba unaheshimiwa, unapikiwa kuku, lakini kwenye mambo mazito mwenye sauti ni mjomba. Mimi Msukuma hilo lilinichukua muda kulizoea. Mjomba wa wife ni mzee mmoja mkavu, haongei sana, na nakiri nilikuwa namuogopa.

Sasa masika ya mwaka huu wife akaenda kwao na mtoto, wiki mbili tu, kumsalimia mama yake.

Mimi nikabaki Turiani. Na hapo katikati nikachepuka.

Nalisema mara moja tu na sitalipamba. Si kwamba nilirogwa, si kwamba nililewa. Nilikuwa peke yangu, nikafanya ujinga, basi.

Jumatano asubuhi niko shambani nafungua pampu, simu ikaita. Mama mkwe. Nikafuta mikono, nikapokea, nikamwamkia.

"Marahaba, baba Zulfa. Mtoto anaharisha tangu jana. Kila anachokula kinatoka maji matupu."

Nikasema pole mama, labda ni meno.

Halafu akasema, "Baba, nakuuliza kama mzazi wako, usinifiche. Umetoka nje?"

Wakuu, wengi hapa mnajua hilo swali lina maana gani. Kwa asiyejua: kuna imani kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, mtoto anabemendwa. Anaharisha, anakonda, miguu inalegea. Maziwa ya mama yanahesabika yamechafuka, hayafai kupewa mtoto mpaka baba na mama wakae pamoja wanyweshwe dawa, na mtoto aogeshwe nayo.

Mimi nina cheti cha ufundi. Kijiweni nilishabishana na watu kuhusu haya mambo, nikawaita washamba. Lakini siku ile mama mkwe aliponiuliza, niliwaza, amejuaje? Kama mtoto anaumwa wiki ile ile niliyochepuka, hii si bahati mbaya. Ni mimi nimemfanya hivi.

Sikujibu kitu. Nilisikia tu kuku wanalia upande wa pili wa simu.

"Haya," akasema. "Nimekusikia. Maziwa tutayasimamisha mpaka uje tufanye dawa."

Na mimi nikajibu, kwa mdomo wangu huu, "Fanyeni mnavyoona inafaa, mama."

Hayo maneno nayasikia mpaka leo nikiwa naoga.

Sasa mtu atauliza, mbona hukuondoka siku ile ile? Nilimwambia mama mkwe kwamba kazini wamebana, nitakuja Jumamosi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliwaza nitakaaje mbele ya wife, mama yake na mjomba, ninyweshwe dawa ya mzinzi huku kila mtu ananitazama usoni. Nikasogeza siku mbele, kama vile ugonjwa nao ungenisubiri.

Alhamisi nikapiga. Wife akapokea, sauti imekauka. Akasema wanampa uji mwepesi na maji ya dawa ya mizizi. Utosi umebonyea, kwa hiyo bibi yake anaupaka dawa mara tatu kwa siku. Nikamuuliza, wewe uko sawa? Akasema maziwa yamejaa yanauma, anayakamua anayamwaga.

Yaani mtoto yuko pale analia kiu, na maziwa yanamwagwa uani.

Ijumaa, kama saa mbili asubuhi, wife akanitumia video WhatsApp, bila maneno yoyote. Zulfa amelala kwenye kanga. Macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Analia, ila sauti haitoki vizuri. Inakuja kama mlango mbovu, inakata, inakuja tena.

Nilikuwa nimesimama stoo nasubiri spea. Kuna mama mmoja pale mtunza stoo, tunamwita mama Happy, ana watoto watano. Nikamuonyesha ile video, nadhani nilitaka aniambie ni kawaida.

Aliitazama mara moja, akaniangalia.

"Baba Zulfa, huyu mtoto analia hana machozi. Unaona? Uso mkavu. Ananyonya?"

Nikasema wamesimamisha.

"Nani kasimamisha?"

Nikainama, nikajifanya napanga vifaa vyangu. Mama Happy akanipokonya vifaa mkononi, akaviweka mezani. "Toka hapa. Ondoka sasa hivi, nitamwambia bosi."

Nilidandia lori la mchanga mpaka Msamvu, stendi ya Morogoro mjini. Nimekaa mbele na dereva, anaongea habari za mpira, mimi sisikii. Kila dakika nafungua ile video, naangalia mashavu kama kuna unyevu wowote. Hakuna.

Msamvu nikachukua boda ya kwenda Kinole. Masika, barabara imekatika sehemu mbili, tunashuka tunaivusha pikipiki kwa mikono. Sehemu ya mwisho boda akasema kaka, huku juu siwezi, tutakufa. Nikapanda kwa miguu kwenye migomba, udongo unateleza, naanguka nainuka. Simu ya wife haipatikani. Nilikuwa naogopa kufika na naogopa kutofika. Kuna mahali nilisikia mwanamke analia bondeni nikakaa chini kabisa. Kumbe ni mtu anamwita mtoto wake aje kula.

Nilifika kama saa nane mchana. Barazani yupo mama mkwe, yupo mjomba. Wife ndani. Nikaamkia, nikaitikiwa.

Mama mkwe alikuwa ameshaandaa beseni la dawa. Akasema, bila ukali wowote, "Afadhali umekuja, baba. Kaeni hapa wote wawili tumalize, mtoto arudi ziwani."

Niseme jambo kuhusu huyu mama, maana najua mtamponda. Macho yake yalikuwa mekundu, hajalala siku tatu. Alikuwa anampenda yule mtoto kuliko sisi sote. Alifanya anachokijua, na aliyemthibitishia ni mimi.

Wife akatoka na Zulfa. Wakuu, sikumtambua mwanangu. Alikuwa halii tena. Macho nusu wazi, kichwa kimeegemea pembeni, mkono unaning'inia. Nikamgusa shavu, nikamwita. Hakunitazama.

Nikapiga magoti pale kwenye beseni. Ndiyo, nilipiga magoti. Nikasema leteni hiyo dawa ninywe. Wakati ule wangeniambia ninywe mafuta ya taa ningekunywa.

Mjomba ndiye aliyesema, "Ngoja."

Akamuuliza wife, "Mtoto amekojoa saa ngapi?"

Wife akamtazama mama yake. Mama yake akatazama chini. Hakuna aliyekumbuka. Jana, labda. Jana mchana.

Mzee akasimama. Nikajua sasa ndio naumbuliwa mbele ya watu. Akasema, "Hili beseni litasubiri. Mimi nimeshazika mmoja hapa hapa tukimsubiri baba yake aje kufanya dawa. Siziki mwingine."

Mama mkwe akataka kusema kitu, akakatisha. Mjomba akamchukua Zulfa, akajifunga naye kwa kanga kifuani, yeye mwenyewe mzee wa umri ule, akaanza kushuka mlima. Mimi na wife nyuma yake. Nilijaribu kumpokea mtoto mara mbili, akasema wewe unateleza, tangulia ushike miti.

Ule mteremko ni kama saa nzima. Wife anapumua kwa nguvu nyuma yangu, anaita, "Mjomba, anapumua?" Mzee anajibu, "Anapumua." Baada ya hatua chache anauliza tena. Kuna mara moja mzee alichelewa kujibu, akasimama, akaweka sikio kwenye mdomo wa mtoto. Mvua imeanza. Mimi nimeshika mgomba, nasubiri jibu, na nilimuomba Mungu anichukue mimi.

"Anapumua," akasema. Tukaendelea.

Zahanati tukamkuta nesi mmoja wa makamo, anafunga dirisha kwa ajili ya mvua. Alipomuona mtoto aliacha kila kitu. Akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia. Ile ngozi haikurudi, ilibaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Nilimuona uso ulivyobadilika.

Akatafuta mshipa mkononi, akakosa. Akatafuta mguuni, akakosa. Akapata kichwani. Dripu ikaanza kushuka.

Huku anafanya kazi anauliza maswali. Anakunywa nini? Maji mnachemsha? Uji mnapika asubuhi anakunywa mpaka jioni? Wife akajibu ndiyo, uji mmoja kwa siku nzima, na maji ni ya kijito. Nesi akatikisa kichwa, akasema kuhara kwenyewe inawezekana kumeanzia hapo.

"Na ziwa?"

Wife akasema mtoto hanyonyi tangu Jumatano.

"Nani alisimamisha ziwa?"

Wife akanitazama. Safari hii nikajibu. Nikasema ni mimi, nesi. Nilitoka nje ya ndoa, wakasema maziwa yamechafuka, nikakubali. Nililisema mbele ya mjomba, mbele ya wife, na kuna mama mwingine alikuwa kwenye benchi na kadi ya kliniki mkononi.

Nesi hakunitukana. Alisema tu, "Baba, maziwa hayajui ulikolala. Mtoto akiharisha anapoteza maji, wewe unamwondolea na yale aliyokuwa anayapata. Utosi unabonyea kwa sababu maji yamekwisha mwilini, haukuwa unadai dawa ya kupaka."

Tulikaa pale tunasubiri kitu kimoja, mkojo. Nesi alisema akikojoa nitapumua, asipokojoa ni gari la kwenda mjini, na barabara mmeiona. Alipoanza kuzinduka kidogo akamwambia wife ampe ORS kwa kijiko, kidogo kidogo. Mimi nimeweka kiganja chini ya makalio ya mtoto kwenye kanga. Sikukitoa. Mjomba amesimama mlangoni anatazama mvua, mgongo kwetu, mabega yamepanda.

Karibu saa kumi na mbili nikasikia joto kiganjani.

Mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Nikapiga kelele watu wakashtuka. Nimelowa mkono mzima nalia kama mtoto, nesi anacheka na yeye anafuta macho. Akamwambia wife, haya mama, mpe ziwa.

Wife bado alikuwa anaogopa maziwa yake mwenyewe. Zulfa alishika, akaachia, akashika tena. Halafu akaanza kumeza.

Kesho yake barabara ikapitika, tukapelekwa mjini, tukalazwa siku nne. Akaongezewa maji, akaanzishiwa dawa za zinki, kuhara kukakata. Yuko hai, wakuu. Sasa anatambaa anavunja vikombe.

Lakini sijamaliza.

Siku ya tatu wodini, mchana, Zulfa ananyonya huku amesinzia. Wife aliniambia haya bila kunitazama:

"Siku ile mama anakupigia, aliweka sauti ya nje. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, Zulfa ananyonya. Nilikuwa nasubiri useme hapana. Hata ungenidanganya, ningeendelea kumnyonyesha. Uliponyamaza, nikamtoa ziwani kwa mkono wangu."

Akamfunika mtoto vizuri.

Kwa sasa wife yuko Kinole na mtoto. Hajaniacha, hajarudi. Mjomba amesema tutaitana kuzungumza, siku hajaitaja. Mimi napanda kila Jumamosi. Zulfa ananichekea, mama yake ananipa maji ya kunawa kama mgeni.

Nilichojifunza nakiandika kwa faida ya mwingine. Mtoto akiharisha ziwa halisimamishwi, anyonye hata zaidi. ORS inapatikana zahanati na duka la dawa, mpe kidogo kidogo. Ukiona analia bila machozi, hakojoi, macho au utosi umeingia ndani, amelegea, huyo si wa kupakwa wala kusubiri baba. Na wewe mwenzangu uliyechepuka, dhambi yako ibebe mwenyewe, usimwachie mtoto ailipe kwa kiu.

Mliopitia haya, iwe kubemendwa, utosi, au mkwe kuuliza maswali kwenye simu, njooni mseme mlifanyaje. Nani aliwahi kusamehewa kitu kama hiki, na alianzia wapi? Wenye matusi pia leteni, nitasoma yote.

Ila kama unasoma hapa na una mtoto anaharisha hapo ndani, acha kukomenti. Mbebe uende.