Iko Zima

Laurean alimkosea Gakwaya tangu siku ya kwanza: alimdhania mtu asiyejua Kiswahili. Kumbe Gakwaya alikijua, ila alikijua kile cha Biryogo, mtaa wa Waislamu jijini Kigali, alikozaliwa na kulelewa, ambako lugha hupunguzwa hapa na kuongezwa pale hadi iwatoshe muuza duka, imamu na jirani wa Kinyarwanda kwa pamoja. Laurean alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye shahada, aliyeletwa Kigali kuwafundisha maofisa ngeli za nomino. Mtu wa namna hiyo akisikia "iko" mahali pa "ni", hukunja uso kama aliyetafuna mchanga ndani ya wali.

Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba aliyopanga Laurean mtaani Kimironko, upande wa bondeni, kimechimbwa kwa mikono na kujengewa mawe. Maji ya bomba yalipokatika, na hayakuwa na haya ya kukatika, pampu iliyozamishwa kisimani ndiyo iliyopandisha maji hadi kwenye tangi. Pampu ilipougua aliitwa Gakwaya. Alikuja kamba begani, akalaza sikio juu ya bomba kabla hajamsalimia mtu. Mabega yake yalikuwa yamepinda kwa kuinamia mashimo ya watu. Baba yake alikuwa mchimba visima. Yeye alisema alichoka kuchimba angali tumboni mwa mama yake, ndipo akaona ajifunze pampu. Msikitini aliitwa Idi. Kwa wateja alibaki Gakwaya, kwa sababu, alisema, Idi ni jina la kupumzikia.

"Mwalimu, pampu yako iko na hasira leo."

"Ina hasira, Gakwaya. Si 'iko na'."

"Haya. Ina iko na hasira."

Praxeda, mkewe Laurean, alicheka hadi akakalia ndoo. "Mwache bwana wa watu, Baba Koku. Wanafunzi wa ofisini hawakutoshi?"

Neno moja waliligombania kuliko mengine yote. Kazi ilipokwisha, Laurean aliuliza kama pampu sasa ni nzima, na Gakwaya akashtuka: "Zima? Hapana, mwalimu, si unasikia inaunguruma!" Kwake zima lilikuwa neno la taa na mashine, la kitu kilichokatiwa umeme, basi. Laurean alimweleza kwa subira ya darasani kwamba kitu kizima ni kitu kisicho na kasoro: yai zima, mtu mzima.

"Mtu mzima," Gakwaya alirudia, "ni mtu aliyezimwa?" Akajicheka mwenyewe. "Huko kwenu mnazikana mapema."

Kiangazi cha mwaka huo pampu ilinyamaza. Gakwaya aliivuta kwa kamba, ikakataa. Ilikuwa imejibana chini ya jiwe lililoachia ukutani. Hapakuwa na njia ila kushuka. Maji yalikuwa yamepungua hadi kimo cha kiuno. Alimwomba Laurean asimame kwenye swichi ya pampu, ukutani kando ya mlango wa jikoni, kisha akashika ngazi ya chuma, na kofia yake ikazama chini ya ukingo.

"Mwalimu! Iko zima?"

Laurean aliitazama swichi. Kisanduku chake kilikuwa safi, hakina alama ya kuungua, na kitufe kilikuwa juu, upande wa kuwasha, vilevile Praxeda alivyokiacha alipojaribu kuvuta maji asubuhi. Alidhani fundi anatafuta chanzo cha ugonjwa, anauliza kama swichi ina kasoro. Na zaidi ya hapo, alifurahi. Mwanafunzi mkaidi alikuwa amelipokea neno hatimaye. Kilichobaki ni kumsahihishia kichwa cha neno.

"Ni nzima!" alijibu, akiibana ile n puani ili isikike.

Kisima kiliimeza n hiyo.

"Asante, mwalimu."

Ilisikika spana ikigonga jiwe, halafu maji yakipigwapigwa, halafu maji yakitulia. Gakwaya hakupiga kelele. Praxeda ndiye aliyetoka jikoni akikimbia na kukata umeme wote penye mita. Laurean alikuwa bado amesimama, mkono hewani, kana kwamba anangoja swali la pili. Majirani walimpandisha fundi kwa kamba yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha.

Alizikwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Laurean alisimama nyuma ya safu, hajui mikono aiweke wapi. Arobaini ilipopita alikwenda Biryogo kumpa pole mjane, Swafiya. Alikuwa edani, hivyo alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia la maua. Laurean aliona vidole vya miguu yake tu.

"Karibu, mwalimu. Unisamehe, sitoki."

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa." Pazia lilitikisika. "Nataka kujua kitu moja tu. Idi alikuwa anaogopa umeme kuliko nyoka. Hakuna kisima alishuka bila kuuliza. Wewe, alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Laurean alikuwa amelipanga jibu njiani, sentensi kwa sentensi, pamoja na maelezo ya maana mbili za neno. "Nilimjibu, ni nzima."

Nyuma ya pazia kikombe kiliwekwa juu ya sinia.

"Zima," Swafiya alisema polepole, kama anayepokea mzigo na kuukuta mwepesi kuliko alivyodhani. "Basi ulimwambia vizuri. Ni Mungu tu, mwalimu. Kunywa chai."

Laurean alikunywa chai. Yeye aliyewasahihisha mawaziri wadogo na watoto wa jirani aliliacha neno lile lilivyo, akaaga, akashuka kichochoro akiwa amebeba msamaha aliopewa kwa kusikika vibaya.

Tangu hapo, kila alipofundisha vivumishi darasani, aliliruka neno lile. Kisima kilifunikwa mbao, maji yakabebwa kwa madumu. Praxeda alimwambia aache kujitafuna. Akajibu kwamba eda ikiisha atarudi Biryogo, amtazame Swafiya usoni, amwambie alichokimaanisha. Mara nyingine alijiuliza kama alitaka kusema ukweli au kutua mzigo wake magotini mwa mjane.

Kabla eda haijaisha, mwenye nyumba alimtuma Armel, fundi wa umeme, aje kuzing'oa nyaya za kisima. Armel hakuharakisha. Alibonyeza swichi chini kuizima, akafungua kisanduku, akagusisha testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye waya unaoteremka kisimani. Kitaa kidogo ndani ya mpini kikawaka.

Laurean alikitazama kile kitaa. "Iko zima?" aliuliza.

"Iko zima." Armel aliipandisha swichi, akaishusha tena, kitaa hakikubadilika. "Ila aliyefunga alikosea waya zamani, hata rangi zimeshapauka. Swichi inakata ile ya kurudi tu. Ile ya moto inashuka kwenye maji siku zote. Uwashe, uzime, chini ni moto."